Mfungwa wa Akiba

Tulimwacha Mwalimu Yokasta uani, mdomo wazi, akimkodolea macho mtu wa kumi na nne.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma: bendi ya wafungwa wa Loma Parda ilitoka asubuhi kwenda kupiga muziki kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji. Walitoka kumi na wanne. Wamerudi kumi na wanne. Tabu ni kwamba huyu wa mwisho, aliyevaa shati la njano la Radamés Polanco na kuikumbatia ngoma ya Radamés Polanco, si Radamés Polanco.

"Wamo wote, Mwalimu!" mlinzi Robinson alipaza sauti kutoka mlango wa basi. Bado alikuwa anatingisha mabega, maana muziki wa kule mjini ulikuwa haujamtoka mwilini. "Kumi na wanne, hakuna pungufu. Nifunge lango?"

"Funga," alisema Yokasta. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

Akamsogelea yule mtu. Mtu akatabasamu. Jino la dhahabu likang'aa.

"Jina?"

"Radamés Polanco, Mwalimu. Ina maana umenisahau?"

"Radamés hana jino la dhahabu."

"Limeota leo. Sikukuu ina baraka zake."

Wanamuziki wengine kumi na watatu wakaanza ghafla kuchunguza mawingu. Mpiga kodiani alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote ndani yake.

"Wewe," Yokasta alisema, akamshika mkono. "Njoo darasani."

Darasani, ndiyo. Watu wote walimwita Mwalimu kwa sababu kabla ya kuwa mkuu wa ulinzi alikuwa akifundisha watoto wa darasa la nne. Walipofungua gereza hili, ambalo mji mzima unaliita Nyumba Mpya, serikali iliweka sharti moja la ajabu: mtu aliyewahi kuvaa sare ya polisi au ya jeshi asiajiriwe. Wakachukua walimu, wauguzi, mpaka mwuza viatu mmoja. Watu walicheka wakashika mbavu.

Lakini wenye kuijua Ngome, lile gereza la zamani, hawakucheka. Kule askari walikaa mlangoni tu. Ndani alitawala mfungwa mbabe, naye alikuuzia mpaka nafasi ya kulaza ubavu. Hapa kila kitanda kina shuka, kuna shule, kuna kiwanda kidogo cha mkate, na kuna bendi.

Ndani ya lango aliamrisha Yokasta. Nje ya lango bado lilikuwa jeshi, yaani Kapteni Ventura na gari lake la jipu na vijana wake wenye bunduki. Ventura ndiye aliyekuwa mkuu wa Ngome enzi zile. Miaka minne amekaa pale nje akisubiri walimu wateleze.

"Atoroke mmoja tu, Mwalimu," alikuwa akimwambia, meno yote nje. "Mmoja tu, nami narudi kwenye kiti changu."

Na leo, katika siku zote za Mungu, mkaguzi alikuwa njiani kutoka makao makuu. Alikuwa anakuja kuamua kama wafungwa waendelee kutoka nje na bendi yao, au mambo yarudi kama zamani. Mtoro mmoja, na wanaume mia tatu wangerudi kulala sakafuni kwa malipo.

Yokasta alifunga mlango wa darasa. Ukutani, karibu na ubao, kulikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza, king'ora kinalia na jipu la Ventura linatoka mbio.

"Radamés yuko wapi?"

"Yuko kwenye matanga ya mama yake," alisema yule mtu, akajibana kwenye dawati la wanafunzi. "Leo siku ya tisa. Mwana mkubwa ndiye anayevunja madhabahu ya marehemu, msiba uishe. Ungetaka nani aivunje, jirani?"

"Na wewe ni nani?"

"Shemeji yake. Nimemwoa dada yake, Nurys. Niite Fello. Kuna chakula? Nimenusa nyama."

"Fello, unajua mmefanya nini?"

"Tumefanya nini? Tumeweka mtu!" Fello alishangaa kwelikweli. "Kule Ngome mtu akiwa na shida ya nyumbani, anaweka mtu. Mtu anakaa mahali pake, anaitika jina lake, kichwa kinahesabiwa. Mwenyewe akirudi, wanabadilishana. Kutoroka ni kuacha nafasi wazi, Mwalimu. Radamés ameacha nafasi wazi? Mimi hapa, kilo tisini na ushee!"

"Hapa hatuhesabu vichwa. Tunahesabu watu."

"Mtu asiye na kichwa umemwona wapi?"

Yokasta alitamani kumpiga na kifutio. Alitamani pia kucheka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Maana sasa aliuona mchezo wote. Kule mjini, foleni ya chakula, watu wamejaa, Robinson anacheza na mama mmoja mwenye kofia, shati la njano linavuliwa nyuma ya jukwaa na kuvaliwa. Na wale kumi na watatu wote, watoto wa Ngome, hawakuona kosa lolote. Kwao Radamés alikuwa amefanya jambo la kiungwana.

Aliutazama ule ukuta. Sheria ilikuwa wazi: bonyeza. Lakini mwezi ujao Radamés alikuwa anakwenda mbele ya hakimu, na kwa tabia yake hakimu angempa nafasi ya kumalizia kifungo nyumbani. Akibonyeza, Radamés anakuwa mtoro. Na vijana wa Ventura hawana desturi ya kumwuliza mtoro mara mbili.

Ukweli ni kwamba alimpenda Radamés. Siyo mapenzi ya hivyo, msianze. Alimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi mmoja katika darasa zima na kujifanya hana upendeleo.

Akafungua mlango.

"Robinson! Kaa hapa. Huyu asitoke. Asiingie mtu langoni, asitoke mtu mpaka nirudi. Na mletee chakula."

"Bendera?" Fello aliuliza kwa matumaini. Bendera ndiyo wali, maharage na nyama, chakula cha mchana cha kila mtu wa Jamhuri ya Dominika anayejiheshimu.

"Bendera," alisema Yokasta kwa uchungu.

Alichukua gari la kubebea mkate. Kwenye kizuizi cha nje, Kapteni Ventura mwenyewe alikuwa amekaa kivulini, buti juu ya kiti.

"Safari ya wapi, Mwalimu? Mgeni wako si anakuja?"

"Nakwenda kununua hamira."

"Sikukuu leo. Maduka yamefungwa."

"Duka la Chepe halijafungwa tangu lijengwe."

Ventura alicheka, akainua kizuizi. Lakini macho yake yalilifuata lile gari mpaka kona.

Nyumba ya matanga ilikuwa ya rangi ya waridi, nyuma ya mashamba ya tumbaku. Yokasta alifika mbio, akakuta mambo yamekwisha. Viti vya kukodi vimepangwa, shuka jeupe la madhabahu limekunjwa, wanawake wanakunywa chai ya tangawizi, na wanaume wanapigiza domino mezani kama wanaidai. Matanga ya kwetu ndivyo yalivyo: siku ya kwanza unalia mpaka unazimia, siku ya tisa unasimulia vichekesho vya marehemu.

Nurys alitoka jikoni, nguo nyeusi, taulo begani.

"Umechelewa, Mwalimu. Ameshavunja, ameshakunywa kahawa, ameshaondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwenda wapi tena? Kwenu! Amekata njia ya mkato, ya shambani. Alikuwa anakimbia, anasema atachelewa kuhesabiwa."

Yokasta alikalia kiti cha kwanza alichokiona. Mtu akamtia kikombe mkononi. Akanywa bila kujua anakunywa nini.

"Kwa nini hakuniomba ruhusa, Nurys? Mtu akifiwa na mama tunampa siku nzima, na gari juu, na mlinzi mwenye adabu. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo tu."

"Ndicho hicho cheti," alisema Nurys.

"Kina nini?"

Nurys aliipangusa meza iliyokuwa safi. "Na mume wangu? Amewasumbua?"

"Yuko darasani kwangu, anakula."

"Mwacheni huko huko."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mmoja akasema Mwalimu amchukue na mume wake yeye, atamfungashia na nguo zake. Yokasta naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa tayari kwenye gari alipokumbuka kwamba Nurys hakucheka.

Sasa twende langoni, maana kule kuna kioja.

Radamés alikuwa amefika. Suruali imejaa vumbi la shamba, shati jeusi la msiba limemganda mgongoni, na anagonga lango la gereza kwa viganja viwili. Msiulize alipitaje kwa wanajeshi. Wanajeshi hupekua wanaotoka. Anayekimbilia gerezani, nani ana shida naye?

"Fungua, Robi!"

Kidirisha kilifunguka, jicho la Robinson likatokea. "Hesabu yangu imetimia."

"Robi, ni mimi! Mimi ndiye wa kumi na nne!"

"Wa kumi na nne yuko darasani, anakula sahani ya pili. Nikikuingiza wewe nitakuwa na kumi na tano. Nitawaeleza nini watu, kwamba amezaa?"

"Basi mtoe yeye, niingie mimi."

"Mwalimu amesema asiingie mtu, asitoke mtu."

"Robi, nimekimbia njia nzima. Nina mazoezi ya bendi jioni. Nina unga nimeuacha unaumuka. Nifungulie nyumbani kwangu!"

"Usinipigie kelele. Omba kama mgeni. Siku ya wageni ni Jumapili."

Yokasta alifunga breki, vumbi likatimka. Alishuka akiwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Ndipo alipoliona gari jeupe lililoegeshwa pembeni, kioo kimeshushwa, na ndani yake mwanamke mwenye miwani anakula karanga.

"Endeleeni, endeleeni," alisema yule mwanamke. "Ndiyo kwanza panakuwa patamu."

Mkaguzi Ivelisse Marte. Alikuwa amekaa pale tangu kugonga kwa kwanza.

Alishuka, akakung'uta maganda kwenye sketi. "Mwalimu Encarnación, sivyo? Huyu ni nani, na kwa nini analia aingie?"

Yokasta aliona mlango mdogo wa kutokea. Angeweza kusema ni fundi wa mkate. Ni mgeni mlevi. Ni ndugu wa mfungwa, msiba umemchanganya. Radamés angepita kimya kimya, Fello angetolewa usiku na magunia, na Loma Parda ingeendelea kama kawaida. Uongo mmoja, mfupi, usiomwumiza mtu.

Lakini watu mia tatu walikuwa wamemwamini kwa sababu hakuwahi kuwadanganya. Akavuta pumzi.

"Ni mfungwa wangu. Ametoka bila ruhusa leo mchana, akaenda kumaliza matanga ya mama yake. Shemeji yake amekaa badala yake. Nilijua, na sikubonyeza king'ora. Nilikwenda mwenyewe kumfuata. Kosa la kutobonyeza ni langu."

Jicho la Robinson lilitoka kwenye kidirisha, likarudi.

Mkaguzi alivua miwani. "Nimekagua magereza mengi, Mwalimu. Nimeona mashimo chini ya vitanda. Nimeona mtu ndani ya gunia la nguo chafu. Sijawahi kuona mtu anagombana ili aingizwe."

"Ndiyo, mama."

"Sijasema nimefurahi. Nimesema sijawahi kuona." Akakunja miwani. "Mambo ya bendi nitaamua baadaye. Kwanza, huyu aingie. Na yule mgeni wako atoke sasa hivi. Aliingia bila kidole, atatoka kwa kidole."

Kidole ni mashine iliyopo hapo ndani, karibu na lango. Kila mgeni anabonyeza, na mashine inasoma vitambulisho vya taifa na orodha za mahakama kwa mkupuo mmoja. Wafungwa hawaigusi, wana mlango wao na picha zao.

Lango likafunguka. Radamés akaingia, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwake. Robinson akamleta Fello, mdomo bado unang'aa mafuta.

"Haya, bwana," alisema Robinson. "Karamu imekwisha. Weka kidole, uende."

"Siendi."

"Nini?"

"Mimi nakaa. Kitanda kina shuka. Kuna daktari wa meno, kweli si kweli? Wali haujaungua. Nyumbani kwangu wali unaungua tangu nioe."

Robinson alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mkaguzi mdomo ulimcheza. Yokasta peke yake alikuwa akimtazama Radamés, na Radamés hakuwa akicheka. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, akimwambia yule shemeji bila sauti: hapana, hapana.

"Fello," alisema Radamés. "Nenda nyumbani. Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na mama," alisema Fello. "Mama hayupo tena."

Akaweka kidole kwenye mashine.

Mashine ikapiga mlio mrefu. Kwenye kioo ikatokea picha ya kijana mwembamba, masharubu ya kwanza, meno yote ya kwake. Chini ya picha, jina: Radamés Polanco. Chini ya jina, kwa rangi nyekundu: amehukumiwa, miaka ishirini, kuua.

"Imeharibika," alisema Robinson. Akaipiga kofi. "Weka tena."

Fello akaweka tena. Mlio ule ule. Picha ile ile.

"Haijaharibika, kijana," alisema, na mzaha wote ulikuwa umemwishia usoni. "Huyo ni mimi. Nilimchoma mtu kisu kwenye mapigano ya majogoo. Nilikuwa nimekaa Ngome miezi sita tu. Nurys alikuwa anajifungua mtoto wetu wa kwanza. Nikaweka mtu, siku mbili."

Hakuna aliyeuliza nani. Wote walikuwa wameshageuka.

Miaka kumi na saba, wasomaji wangu. Kijana wa miaka kumi na tisa anaingia gerezani Jumamosi kumshikia shemeji nafasi, na shemeji harudi.

"Nilisema," alisema yule tuliyekuwa tunamwita Radamés. Alizungumza polepole, kama anayeshuka ngazi gizani. "Mwaka wa kwanza nilisema kila siku. Mbabe wa ndani alicheka. Mkuu wa gereza aliniambia, anayeitika jina ndiye mwenye jina, acha kunichafulia hesabu. Kisha mama akaja. Akasema, mwanangu, Nurys ana mtoto mchanga, ukimleta yule watakula nini? Vumilia kidogo. Kidogo ikawa mtoto wa pili. Ikawa wa tatu."

"Na ulipohamia hapa?" Yokasta aliuliza. "Kwangu hukusema. Miaka minne!"

"Nilimwahidi, Mwalimu. Akiwa hai, nisiseme. Na cheti chake cha kifo ningekuletea vipi? Si mama wa Radamés Polanco yule. Ni mama yangu mimi."

Yokasta aligeuka kulitazama darasa. Mtu huyu alifika Nyumba Mpya hajui a wala be. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika mkono pale kwenye dawati na kumfundisha kuandika jina lake. Mwezi mzima. Radamés Polanco, Radamés Polanco, mpaka herufi zikanyooka, na yeye mwalimu akampigia makofi.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Jina lako," alisema Mkaguzi Marte. Karanga alikuwa amezisahau mkononi. "Lako la kweli."

Ilibidi alitafute.

"Eligio," alisema. "Eligio Santana. Mtoto wa Tatica."

Fello alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilikuwa mwoga," alisema. "Kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo. Jana usiku, mbele ya ile madhabahu, nikaona nitakuja kufa na mimi hivi hivi. Leo kule sikukuuni nikamwambia, nipe shati."

Mkaguzi alivaa miwani. Alikuwa amepauka, lakini mkaguzi ni mkaguzi.

"Sheria inasema hivi. Huyu mwenye kidole anabaki. Na huyu," akamwonyesha Eligio, "hajahukumiwa kwa lolote. Hatuna haki ya kumshika hata kwa saa moja. Mwalimu, mfungulie atoke."

Robinson alikuwa tayari analia kama mtoto. Akaupokea ufunguo mikononi mwa Yokasta, akaurudisha, akasema hapana, fungua wewe, Mwalimu, wewe ndiye unayestahili.

Ndipo waliposikia jipu.

Maana mashine ile, ikishapiga mlio mwekundu, haiishii kwenye kioo. Inapeleka habari mpaka kibanda cha wanajeshi. Jipu lilisimama mbele ya lango, milango minne ikafunguka kwa pamoja, na uso wa Kapteni Ventura ukajaa kwenye kidirisha.

"Mwalimu! Nimepata habari una Radamés Polanco wawili."

"Nina mmoja, Kapteni. Mwingine aliwekwa Ngome badala yake, akaachwa huko. Nawe ndiye uliyekuwa mkuu wa Ngome."

Ventura hakutabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza Yokasta kumwona hana meno nje. Aliwatazama wale wanaume wawili kupitia kile kidirisha, na macho yake yakamwacha haraka mwenye jino la dhahabu, yakatua kwa Eligio, yakakaa hapo. Mtu mmoja tu ndani ya ua ule angeweza kumwambia hakimu ni nani aliyemjibu "acha kunichafulia hesabu."

"Baki na wako," alisema Ventura taratibu. "Hakuna ugomvi. Mimi namtaka huyo wa shati jeusi. Ametoka gerezani leo bila ruhusa, kwa jina la mfungwa. Kwa karatasi zangu huyo ni mtoro."

"Huyu ni mtu huru!" Mkaguzi Marte alifoka. "Napiga simu makao makuu sasa hivi!"

"Piga, mheshimiwa. Sikukuu leo, sijui atapokea nani." Ventura akarudi nyuma hatua chache, akawapa ishara vijana wake. Bunduki zikashuka mabegani. "Ndani ya lango ni kwenu, sitii mguu. Nje ya lango ni kwangu. Mfungulieni huyo mtu huru. Sisi tunamsubiri."

Simu ya mkaguzi iliita, ikaita, haikupokewa. Akapiga nyingine. Robinson aliacha kulia.

Yokasta alitazama lango. Akilifungua, Eligio anaingia kwenye jipu la Ventura, na kutoka hapa mpaka Ngome kuna barabara ndefu isiyo na nyumba. Asipolifungua, basi kuanzia sasa hakuna tena wa kulaumiwa, si Fello, si mbabe wa Ngome, si mama marehemu. Ni yeye, Yokasta Encarnación, ndiye anayemfunga mtu asiye na hatia, akijua, kwa mkono wake mwenyewe.

"Eligio," alisema. Jina lilikuwa geni mdomoni. "Kaa ndani. Mpaka kesho tu. Mpaka simu ipokewe."

Eligio alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo lilimwumiza Yokasta kuliko hasira.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "hivyo ndivyo walivyoniambia wote."

Akaenda mpaka langoni, akaweka kiganja kwenye komeo, akasubiri afunguliwe.